Mzigo Una Dirisha Moja, Mjane Ana Milango Saba



Darsa yetu ya leo ni juu ya nyumba iliyopatikana na shida nyingi kwa wakati mmoja, na namna ipasavyo kusaidiwa. Mifano yake twaichukua Busia na Malaba, miji miwili ya Kenya iliyo mpakani mwa Uganda. Huenda msomaji wa Mombasa au Lamu akauliza: Busia na sisi, wapi na wapi? Jawabu ni kwamba magari ya mizigo yatokayo Bandari ya Kilindini hukata zaidi ya kilomita 900 hata yakafika Malaba, na miongoni mwa wanaoyaendesha wamo watoto wetu, ndugu zetu na waume wa binti zetu. Wako waliooa huko na kuzaa huko. Basi shida ya nyumba ya Malaba huenda mzizi wake mmoja uko Changamwe au Mikindani, na hatuwezi kusema kuwa khabari zake hazitukhusu.

Maana ya shida zilizofungamana

Kwanza tufahamu tunalolizungumza. Mtu aliyevunjika mkono ana shida moja, na dawa yake ni hospitali. Mtu aliyepotewa na kitambulisho ana shida moja, na dawa yake ni ofisi ya usajili. Watu wa namna hii ni wengi, na si hao tuwasemao leo. Twasema juu ya nyumba ambayo ugonjwa, ufukara, deni, ulemavu na kukosa karatasi vimeingia pamoja, na kila kimoja kimekishikilia kingine. Nyumba kama hii ukiitibu maradhi ukaiachia njaa, maradhi yatarudi. Ukiilipia deni la mwezi huu ukaiacha bila njia ya kuchuma, mwezi ujao itakopa tena.

Tupige mfano. Nyumba hii ni ya kubuni, lakini hakuna kilichomo ndani yake kisichotokea. Mwanamke mzaliwa wa upande wa Uganda aliolewa na dereva Mkenya, wakakaa Malaba. Dereva akafa kwa ajali ya barabarani. Amemwachia watoto watatu. Mkubwa ana miaka 12, ameacha shule na sasa hubeba vifurushi vya wachuuzi wanaovuka mpaka. Wa kati ana ulemavu wa viungo, wala hajapata kuandikishwa popote. Wa mwisho angali akinyonya. Mama mwenyewe yuko katika dawa za ukimwi, na mwenye nyumba anamdai kodi ya miezi mitatu.

Sasa tuihesabu milango ambayo mwanamke huyu yampasa aibishe hodi. Wa kwanza ni hospitali, kwa dawa zake na kwa mtoto mchanga. Wa pili ni Mamlaka ya Afya ya Jamii, iitwayo SHA, iliyoshika mahali pa bima ya zamani ya NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kwani huko ndiko aandikiwako yeye na watoto wapate kutibiwa maradhi mengine. Wa tatu ni ofisi ya vyeti vya kuzaliwa. Wa nne ni shule, amrudishe yule mkubwa. Wa tano ni ofisi ya ustawi wa jamii, kwa ajili ya fedha za Inua Jamii, ambazo ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee, kwa nyumba zenye yatima na kwa wenye ulemavu mkali. Wa sita ni Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, kwa yule mtoto wa kati. Wa saba ni mahakama, ya kadhi ikiwa wahusika wote ni Waislamu, au nyengineyo ikiwa sivyo, kwa ajili ya mirathi ya marehemu.

Kila mlango katika hii una haki ya kuuliza karatasi zake. Msiba ni kwamba karatasi ya mlango huu imo nyuma ya mlango ule. Baraza la wenye ulemavu halimwandikishi mtoto mpaka apimwe na madaktari wa hospitali ya serikali. Shule yataka cheti cha kuzaliwa. Ofisi ya vyeti yataka vitambulisho vya wazazi, na uzazi uliopitiwa na miezi sita bila kuandikwa huhesabiwa umechelewa, nao una njia yake ndefu zaidi. Inua Jamii yataka kitambulisho cha mlezi, na mlezi huyu ni mzaliwa wa ng'ambo. Mama huyu kila siku aendayo ofisini hapati kibarua, na siku asiyopata kibarua watoto hawali. Baada ya safari ya tatu au ya nne hukata tamaa, na kesho yake afisa huandika kuwa hakufika. Basi haki yake ipo katika sheria, lakini yeye haioni.

Kwa nini mambo yakawa hivi

Si insafu kusema kuwa yote haya yatoka katika ubaya wa maafisa. Wako wazembe na wako wala rushwa, lakini hata afisa mwema hushindwa, kwa sababu ya namna kazi zilivyogawanywa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezigawa kazi baina ya serikali ya taifa na serikali za kaunti, na mgao huo ukaanza kutendeka mwaka 2013. Hospitali za Busia zikawa chini ya kaunti. Polisi, vitambulisho, shule za msingi na fedha za Inua Jamii zikabaki kwa taifa. Mgao huu una faida zake, wala hatuupingi. Ila matokeo yake ni kuwa daktari na afisa wa watoto, hata wakiwa katika mji mmoja, kila mmoja ana mkubwa wake, bajeti yake na daftari lake. Daktari humwona mgonjwa, mwalimu humwona mwanafunzi mtoro, chifu humwona mdaiwa aliyeshitakiwa na mwenye nyumba. Hakuna hata mmoja aionaye nyumba.

Na ajabu ni kwamba pale pale mpakani pana mfano wa kutosha kutufunza. Zamani gari la mzigo lilikuwa likisimama kwa maafisa wa Kenya, likamaliza, kisha likavuka na kusimama upya kwa maafisa wa Uganda, na karatasi zile zile zikakaguliwa mara ya pili. Wafanyabiashara wakalia, serikali zikasikia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikawa na sheria yake ya mwaka 2016 juu ya Vituo vya Huduma kwa Pamoja Mpakani. Kituo cha Busia kikafunguliwa rasmi mwezi wa Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, na Malaba pia pana kituo cha namna hiyo. Gari sasa husimama upande mmoja tu, ule liingiako, na maafisa wa dola mbili wameketi chini ya paa moja.

Tutafakari hapa. Dola mbili zenye bendera mbili na sarafu mbili zimeweza kupatana kwa ajili ya gunia la sukari. Je, ofisi za dola moja zashindwaje kupatana kwa ajili ya yatima? Tofauti ni kwamba mwenye gunia ana sauti, na kila siku ya kuchelewa kwake huhesabiwa kwa fedha. Kuchelewa kwa mjane hakuna akuhesabuye. Kazi ya kwanza ya watu wenye elimu ni kuihesabu hasara hiyo na kuisema.

Wala tusidhani kuwa paa peke yake latosha. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, madereva walisimamishwa wapimwe kabla ya kuvuka, na foleni ya magari Malaba ikafika makumi ya kilomita, ingawa kituo cha pamoja kilikuwako. Palipotokea jambo lisilotazamiwa, kila dola ilirudi kwenye amri zake. Kukusanyika kwa majengo ni jambo jepesi kuliko kukusanyika kwa mashauri.

Serikali ya Kenya, kwa haki, imejaribu pia kuwakusanyia raia ofisi. Tangu Novemba 2013 imefungua vituo viitwavyo Huduma Centre, na Busia pana kimoja. Mtu hupata huko huduma nyingi katika jengo moja, na hili ni jema la kushukuriwa. Lakini kilichokusanywa pale ni madirisha. Mwenye shida lazima ajue mwenyewe aende dirisha gani, aanze na lipi, na aseme nini. Mjane wetu hajui, na pengine hana hata nauli ya kutoka Malaba kwenda Busia mjini. Hakuna atokaye nyuma ya dirisha akamfuata nyumbani.

Yaliyofanywa Busia

Busia yenyewe imepata kufunza walimwengu kuwa shida ya mlango mmoja huenda dawa yake iko mlango mwengine. Kuanzia mwaka 1998 wanafunzi wa shule 75 za msingi katika wilaya ya Busia ya wakati huo waliingizwa katika mpango wa kupewa dawa za minyoo, shule zikianza kwa zamu. Wataalamu wawili wa uchumi, Michael Kremer na Edward Miguel, wakahesabu matokeo na kuyachapisha mwaka 2004: utoro wa shule ulipungua kwa kiasi cha robo. Walimu walikuwa wakiwalaumu watoto kwa uvivu, na kumbe tumbo la mtoto lilikuwa na minyoo! Baadaye, mwaka 2015, wataalamu wengine walizirudia hesabu hizo na kuzitia mjadala, na mjadala huo haujaisha. Lakini asili ya funzo haina khitilafu: mtoto mgonjwa hasomi, na shule ni mlango mzuri wa kupitishia dawa.

Mfano wa pili ni wa AMPATH, ushirikiano ulioanza mwaka 2001 baina ya Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret, na vyuo vikuu vya Amerika Kaskazini vikiongozwa na Indiana. Ulianza kwa kutibu ukimwi, na zahanati zake zikafika Busia, Teso, Amukura na Port Victoria. Waganga wakaona kuwa mgonjwa hawezi kumeza dawa kali kwa tumbo tupu, wakaanzisha mashamba na kuwagawia wagonjwa chakula wao na watu wa nyumbani mwao. Kisha wakaona kuwa mjane aliyepona hunyang'anywa ardhi na jamaa za marehemu, wakatafuta wanasheria. Kisha wakaona kuwa mgonjwa mwenye nguvu ataka kazi, wakaunda vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Hawakukaa kitako wakapanga yote siku ya kwanza. Walimfuata mgonjwa mpaka nyumbani kwake, na nyumba ikawaonyesha lililobaki.

Lakini mfano huu una onyo ndani yake. Sehemu kubwa ya kazi ya ukimwi katika Kenya ilikuwa ikilipiwa na Marekani. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani iliusimamisha msaada wake wa nchi za nje, na katika mwaka huo huo shirika lake la USAID likafungwa. Wafanyakazi wengi waliachishwa kazi, na Kenya ikaharakisha kuziunganisha zahanati za ukimwi na matibabu ya kawaida ya hospitali. Msaada unaotegemea mfuko wa mbali waweza kukatika kwa kalamu ya mtu asiyepata kuiona Busia hata siku moja.

Yaliyofanywa kwengine

Nchi ya Chile, huko Amerika ya Kusini, ilianza mwaka 2002 mpango uitwao Chile Solidario kwa ajili ya mafakiri wa chini kabisa. Kila nyumba ilipewa mtu mmoja wa kuizuru kwa muda wa miaka miwili, mara nyingi mwanzoni na kidogo kidogo baadaye. Mtu huyo na wenye nyumba waliangalia pamoja orodha ya mambo 53 ambayo nyumba yapaswa kuwa nayo, yaliyopangwa katika mafungu saba: karatasi za uraia, afya, elimu, maelewano ya nyumbani, makao, kazi na mapato. Tazama kuwa miongoni mwa mafungu hayo zimo karatasi. Waliokaa na mafakiri wanajua kuwa asiye na karatasi hana mlango aufunguao.

Uingereza nayo ilianza mwaka 2012 mpango kama huo kwa nyumba 120,000, kila nyumba na mtumishi wake mmoja. Lakini halmashauri zililipwa fedha kwa kila nyumba zilizodai kuwa imetengenea, na serikali ikatangaza kuwa takriban zote zimetengenea. Uchunguzi wa mwaka 2016 haukuona athari kubwa iliyothibiti. Wakaurekebisha, na uchunguzi wa mwaka 2019 ukaonyesha kuwa watoto waliochukuliwa na serikali kutoka katika nyumba hizo walipungua kwa karibu theluthi. Funzo ni kwamba njia yenyewe ni njema, ila ukiilipa kwa majigambo utapata majigambo.

Mambo matano ya kushika

Katika yote tuliyoyataja twapata mambo matano.

La kwanza, kila nyumba yenye shida zilizofungamana iwe na mtu mmoja anayejulikana, awe ndiye aendaye nayo mlango hata mlango. Si lazima awe mkubwa wa ofisi. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini Kenya, na kila mmoja alikusudiwa nyumba kama 100. Watu hawa tayari wanaingia majumbani. Wakifunzwa na kupewa idhini, wao ndio wa kwanza kuiona nyumba nzima.

La pili, maafisa wakutane juu ya nyumba, kwa siku maalumu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeweka kamati za ushauri juu ya watoto katika kaunti. Basi mlango wa kisheria wa mashauriano upo. Lililobaki ni kukutana kwa kweli, na kila afisa atoke na kazi yake na tarehe yake.

La tatu, kuanza na kinachofungua vyengine. Kwa nyumba tuliyoipigia mfano, kinachofungua ni karatasi. Na hapa wengi wamedanganyika: mtoto ambaye baba yake au mama yake ni raia wa Kenya siku anayozaliwa ni raia kwa kuzaliwa, hata angalizaliwa ng'ambo ya mpaka. Ndivyo isemavyo Katiba katika kifungu cha 14. Basi watoto wa yule dereva ni Wakenya, na kuwa mama yao katoka Uganda hakuwaondolei haki hiyo.

La nne, siri. Kukusanya khabari za nyumba ni amana nzito. Si kila afisa apaswa kujua kuwa mama ana ukimwi. Mwalimu amtosha kujua kuwa mtoto anarudi shule. Kenya ina sheria ya kulinda khabari za watu tangu mwaka 2019, lakini hata pasingekuwa na sheria, kumfedhehi maskini kwa jina la kumsaidia ni dhuluma. Mwenye nyumba na aulizwe kwanza, na akikataa jambo, asilazimishwe.

La tano, kudumu. Msaada wa siku moja waweza kuzima njaa ya siku moja. Nyumba kama hii yataka mwaka, pengine miwili.

Wajibu wetu sisi

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Kila Ramadhani twafunga vifurushi vya unga, mchele na tende, na twavigawa. Ni jema, na Mwenyezi Mungu atalipa. Lakini mjane aweza kupokea vifurushi vitatu kutoka misikiti mitatu katika juma moja, kisha miezi kumi na mmoja asione mtu. Jirani yake, kwa kuwa ana haya ya kuomba, asipate hata kimoja. Sisi tunaozilaumu ofisi za serikali kwa kutosemezana, je, kamati zetu za misikiti zinasemezana? Sayyidna Umar (r.a.), katika ukhalifa wake wa miaka 634 hata 644, aliweka diwani ya kuandikiwa majina ya watu na haki zao. Itakuwaje leo mji mmoja usiwe na daftari moja la mafakiri wake?

Tena yaangaliwe mafungu manane ya zaka yaliyotajwa katika Sura ya Tawba. Wamo mafakiri na maskini, wamo wenye madeni, yumo msafiri aliyekatikiwa njiani. Nyumba moja ya Malaba yaweza kuwa na watatu katika hao chini ya dari moja. Wamo pia wale waitumikiao zaka yenyewe. Wanazuoni wana maneno yao juu ya upana wa fungu hili, wala hatuyamalizi hapa, lakini kuwamo kwake kwatosha kutujulisha kuwa kufikisha msaada ni kazi, na kazi yataka mtu.

Na kwenu madereva na mnaosafiri, neno letu ni hili. Ukioa Malaba, andikisha ndoa yako, kwani sheria ya ndoa ya mwaka 2014 imewajibisha hilo kwa ndoa za Kiislamu kama kwa nyengine. Mwandikishe mwanao kabla ya miezi sita kupita. Waandike mke na watoto katika SHA. Waambie jamaa zako wa pwani kuwa una nyumba huko, ijapokuwa kusema huko kuna uzito. Mume anayeificha nyumba yake hai ameifunga ile milango saba kwa mkono wake, na siku atakapokufa mjane wake atasimama mbele ya jamaa wasiomjua, hana cheti wala shahidi.

Masuala ya kudurusu barazani

1. Katika mtaa wenu, ni nyumba gani yenye shida zaidi ya mbili zilizofungamana? Msiitaje jina hadharani. Nani miongoni mwenu aaminika kwenda kuibishia hodi?

2. Kamati za misikiti ya mji wenu zaweza kuwa na daftari moja? Nani atalishika, na siri italindwaje?

3. Ni nani katika jamaa zenu aliye na mke au watoto njiani baina ya Mombasa na mpaka, na karatasi zao ziko wapi?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atupe nguvu ya kuifuata. Wassalaam.